Ukanushi katika Kichina: Dalili za Makosa, Chanzo Chake na Namna ya Kuyarekebisha

Mzungumzaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kichina amezoea kukanusha ndani ya kitenzi chenyewe. Sili, sikula, sijala na sitakula ni maneno manne yaliyobeba nafsi, wakati na ukanushi kwa pamoja, na hakuna anayehitaji kufikiri ili ayatenganishe. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kamwe: 吃 (chī), yaani kula, ni chī kwa jana, leo na kesho. Ukanushi husimama peke yake mbele ya kitenzi, na kazi kubwa hufanywa na maneno mawili, 不 (bù) na 没 (méi), ambalo mara nyingi hutamkwa kwa urefu kuwa 没有 (méiyǒu).

Makosa mengi niliyoyasikia kwa wanafunzi wenzangu, na baadaye kwa wale niliowasaidia, hayatokani na kusahau msamiati. Hutokana na kuuliza swali lisilofaa, yaani "hiki ni kitendo cha wakati gani?", ilhali Kichina kinauliza jambo jingine: je, unakana kwamba tukio fulani limetokea au kwamba kitu fulani kipo, au unakana hali, desturi na nia? La kwanza ni la 没, la pili ni la 不. Mwongozo huu unaanza na sentensi iliyoharibika, kisha unatafuta kilichoiharibu. Nimelinganisha na Kiswahili kila inapofaa, kwa sababu wengi wetu tunajifunza Kichina kwa kupitia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na hivyo tunapoteza msaada ambao lugha yetu ingetupa bure.

Dalili: umesema 我没喜欢 au 我没知道 ukimaanisha sikupenda au sikujua, na msikilizaji amekunja uso

Hili ndilo kosa lenye mizizi mirefu kuliko yote, na ndilo ninaloomba msomaji atulie nalo. Mwanafunzi amefundishwa kwamba 没 ni ukanushi wa wakati uliopita, naye akalinganisha na kiambishi -ku- cha Kiswahili: sikwenda ni 我没去 (wǒ méi qù), hakuja ni 他没来 (tā méi lái). Mpaka hapo yuko sahihi. Kisha anataka kusema kwamba utotoni hakupenda samaki, anachukua kanuni ileile, na sentensi inavunjika.

Kupenda si tukio. Ni hali inayodumu ndani ya mtu, na hali hukanushwa kwa 不 hata kama imepita miaka 30: 我小时候不喜欢吃鱼 (wǒ xiǎoshíhou bù xǐhuan chī yú). Ndivyo ilivyo kwa kujua, kuwa, kufanana na kuitwa jina. Sikujua kwamba anaumwa ni 我不知道他病了 (wǒ bù zhīdào tā bìng le). Zamani sikuwa mwalimu ni 我以前不是老师 (wǒ yǐqián bú shì lǎoshī). Neno linaloonyesha wakati, kama 以前 (zamani) au 昨天 (jana), limekwisha kuifanya kazi ya njeo, kwa hiyo kikanushi hakina haja ya kuirudia.

Vivumishi hufuata njia hiyo. Jana hapakuwa na baridi ni 昨天不冷 (zuótiān bù lěng). Hata hivyo, kivumishi kinapoeleza badiliko linalosubiriwa, kinageuka kuwa tukio, na hapo 没 hurudi: giza halijaingia ni 天还没黑 (tiān hái méi hēi). Kiswahili chenyewe kinakuonyesha njia, kwa kuwa umetumia -ja-, kiambishi cha jambo linalotarajiwa kutokea ambalo halijatokea.

Ipo pia hali ambapo 不 huonekana mbele ya kitendo cha jana bila kuwa kosa. Linganisha 我请他来,他没来 (wǒ qǐng tā lái, tā méi lái) na 我请他来,他不来 (tā bù lái). Sentensi ya kwanza inaripoti tu kwamba nilimwalika naye hakuja, na huenda mvua ilimzuia. Ya pili inasema nilimwalika akakataa kuja. Nia yake ndiyo iliyokanwa. Anayedhani kwamba 不 ni ya sasa na ijayo pekee hataisikia tofauti hii, na anaweza kumsingizia mtu ukaidi ambao hakuwa nao.

Ili kujipima, weka maneno "alikataa" au "haikuwa tabia yake" mahali pa ukanushi wako wa Kiswahili. Maana ikibaki ileile, tumia 不. Maana ikipotea, na kilichobaki ni kwamba jambo fulani halikutokea, tumia 没. Vitenzi vya hali, kama kupenda na kujua, vichukulie kuwa vya 不 tangu mwanzo.

Dalili: umesema 不有

Tatizo hili huondoka haraka. Kitenzi 有 (yǒu), kuwa na kitu au kuwapo kwa kitu, hukanushwa kwa 没 tu. Sina pesa ni 我没有钱 (wǒ méiyǒu qián), hakuna maji ni 没有水 (méiyǒu shuǐ). Sina na hakuna kwa Kichina ni neno moja, jambo ambalo kwa wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou kununua bidhaa ni nafuu kubwa: 有没有大一点儿的? (yǒu méiyǒu dà yìdiǎnr de?), yaani je, mnacho kikubwa zaidi ya hiki, na jibu huwa 有 au 没有. Ikiwa kilikuwapo kimekwisha, utasikia 没了 (méi le).

Dalili: umesema 我没吃了 ukimaanisha sijala

Hapa chanzo ni kijineno 了 (le). Mwanafunzi amejifunza kwamba 我吃了 (wǒ chī le) ni nimekula, kwa hiyo anapokanusha anaongeza 没 na kuiacha 了 mahali pake. Lakini 了 baada ya kitenzi hutangaza kwamba tukio limekamilika, na 没 hutangaza kwamba tukio halikuwapo. Haviwezi kuishi nyumba moja. Ukileta 没, 了 hiyo iondoe: 我没吃.

Sijala, tofauti na sikula, hupata neno 还 (hái): 我还没吃呢 (wǒ hái méi chī ne). Na hapa Kiswahili kinamfaa mwanafunzi kuliko lugha nyingi. Neno letu bado linafanya karibu kazi zilezile za 还. Bado anakula ni 他还在吃 (tā hái zài chī). Bado hajala ni 他还没吃. Mtu akikuuliza kama umekula nawe ukajibu kwa neno moja, bado, Mchina atajibu 还没呢 (hái méi ne). Na swali lenyewe, umekula au bado?, kwa Kichina ni 你吃了没有? (nǐ chī le méiyǒu?), ambalo muundo wake unafanana na wetu: kitendo kwanza, kisha ukanushi ukisubiri mwishoni. Anayepitia Kiingereza hulazimika kuyakariri haya. Anayefikiri kwa Kiswahili anayo tayari.

Tahadhari moja ni kwamba 了 ya mwisho wa sentensi, ile inayotangaza hali mpya, hukaa vizuri na ukanushi. 我不吃了 (wǒ bù chī le) maana yake sili tena, nimetosheka. 我三天没吃饭了 (wǒ sān tiān méi chī fàn le) ni nina siku tatu sijala, na angalia jinsi muda unavyotangulia ukanushi katika lugha zote mbili. Anayesikia mwalimu akisema 没 na 了 haziendi pamoja, kisha akakutana na sentensi hii, hudhani kanuni imevunjwa, kumbe hizi ni 了 mbili zenye kazi tofauti.

Kijineno 过 (guo), cha uzoefu wa maisha, hakiondolewi. Sijawahi kwenda China ni 我没去过中国 (wǒ méi qùguo Zhōngguó). Ukitaka kusisitiza, weka 从来 (cónglái) mbele, ila chagua kwa makini: 我从来没喝过酒 (wǒ cónglái méi hēguo jiǔ) ni sijawahi kuonja pombe maishani, na 我从来不喝酒 (wǒ cónglái bù hē jiǔ) ni sinywi pombe kabisa, ndiyo desturi yangu.

Dalili: kila usichoweza unakiita 不能

Sentensi kama 我不能听懂, siwezi kuelewa ninachosikia, inaeleweka, lakini Mchina hataitamka kwa kawaida. Kichina hupenda kuweka 不 katikati ya kitenzi na matokeo yake: 听不懂 (tīng bu dǒng), kusikiliza bila kufikia kuelewa. Wanafunzi wengi huikwepa miundo hii kwa miezi mingi kwa sababu katika Kiingereza haina ndugu. Katika Kiswahili ina ndugu, naye ni kauli ya kutendeka. Mzigo haubebeki: 搬不动 (bān bu dòng). Sauti haisikiki: 听不见 (tīng bu jiàn). Mwandiko hausomeki vizuri: 看不清楚 (kàn bu qīngchu). Lugha zote mbili zinasema kwamba jitihada ipo au ingeweza kuwapo, ila matokeo hayafikiki. Kila ulimi wako unapotaka kusema hai...iki au hau...eki, jaribu kwanza muundo huu.

Usiuchanganye na 没听懂 (méi tīng dǒng). Mwalimu akizungumza upesi kupita kiwango chako, unasema 我听不懂: sina uwezo wa kufuata. Akisema sentensi moja ikakupita kwa sababu kulikuwa na kelele, unasema 我没听懂: sikuelewa safari hii, tafadhali rudia. Katika la kwanza mwalimu atapunguza ugumu wa lugha, katika la pili atarudia tu, kwa hiyo kosa hapa linakunyima msaada unaouhitaji. Vilevile 找不到 (zhǎo bu dào) ni hakipatikani, na 没找到 (méi zhǎodào) ni nilikitafuta sikukipata.

Kwa vitenzi saidizi, kumbuka kwamba 不会 (bú huì) ina sura mbili. 他不会游泳 (tā bú huì yóuyǒng) ni hajui kuogelea, ustadi ambao hakujifunza, na 他不会来 (tā bú huì lái) ni hatakuja, kwa makisio ya msemaji. 不能 (bù néng) ni hawezi kwa sababu kuna kizuizi, na 不可以 (bù kěyǐ) hukataza.

Dalili: umetaka kumpunguzia mtu kazi, yeye amesikia amri

Chukua sentensi si lazima uende. Mwanafunzi anajua 必须 (bìxū) ni lazima, anaweka 不 mbele na kupata 不必须, ambayo haisemwi hivyo. Mwingine anajua 得 (děi), pia lazima, anaandika 不得, na hapo amefanya kosa kubwa zaidi, kwa sababu 不得 (bùdé) katika kanuni na matangazo maana yake ni marufuku. Si lazima kwa Kichina ni 不用 (búyòng) au, kwa urasmi zaidi, 不必 (búbì): 你不用去 (nǐ búyòng qù). Watu wa Beijing hulikaza neno hilo likawa 甭 (béng), na herufi yake imejengwa kwa kuweka 不 juu ya 用, kitu kizuri cha kutazama kwa macho.

Usiende, iliyo amri, ni 别去 (bié qù) au 不要去 (búyào qù). Kusema 不去 peke yake si kumkataza mtu, ni kueleza kwamba wewe huendi. Lakini 不要 nayo ina mtego wake. Mbele ya muuzaji, 我不要 (wǒ búyào) ni sikihitaji, nayo haina ubaya. Ukitaka kukanusha 我要去, nataka kwenda, usirukie 我不要去, ambayo mara nyingi husikika kama kugoma. Sema 我不想去 (wǒ bù xiǎng qù), sijisikii kwenda, ambayo inabeba adabu.

Dalili: maneno ni sahihi, mpangilio umekataa

Kikanushi cha Kichina hukaa mbele ya fungu zima la kitenzi, pamoja na mahali, mwenzi au chombo kinachotangulia kitenzi hicho. Hafanyi kazi kiwandani ni 他不在工厂工作 (tā bú zài gōngchǎng gōngzuò). Anayeandika 他在工厂不工作 amesema jambo jingine, kwamba akiwa kiwandani hafanyi kazi, na tajiri wake angependa kulijua. Sikumwambia ni 我没跟他说 (wǒ méi gēn tā shuō). Katika sentensi za 把 (bǎ), kijineno kinacholeta kitendwa mbele ya kitenzi, kikanushi hutangulia 把: 我没把钱给他 (wǒ méi bǎ qián gěi tā), sikumpa zile pesa.

Neno 都 (dōu), wote, linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa Kiswahili cha kila siku kinaacha utata hapa. Tunaposema wote si wanafunzi, mwingine anaelewa hakuna mwanafunzi hata mmoja, mwingine anaelewa baadhi yao tu ndio wanafunzi. Kichina huumaliza utata huo kwa nafasi: 他们都不是学生 (tāmen dōu bú shì xuésheng) ni hakuna aliye mwanafunzi, na 他们不都是学生 (tāmen bù dōu shì xuésheng) ni si wote walio wanafunzi. Neno linalotangulia ndilo linalotawala lililo nyuma yake.

Hata kidogo, ambayo sisi huiweka mwishoni, Kichina huileta mbele ya ukanushi: si ghali hata kidogo ni 一点儿也不贵 (yìdiǎnr yě bú guì), na hakuja hata mtu mmoja ni 一个人也没来 (yí ge rén yě méi lái). Sikununua chochote nayo ni 我什么都没买 (wǒ shénme dōu méi mǎi). Ukiifuata Kiswahili na kuacha chochote mwishoni, 我没买什么 (wǒ méi mǎi shénme), umesema sikununua vitu vya maana, yaani ulinunua vichache, na anayekusubiri nyumbani atataka kuviona.

Maoni pia yana mpangilio wake. Tunasema sidhani kama atakuja, tukikanusha kudhani. Mchina kwa kawaida hukanusha kile kinachodhaniwa: 我觉得他不会来 (wǒ juéde tā bú huì lái), naona hatakuja.

Dalili: umejibu ndiyo, wamekuelewa hapana

Ukiulizwa 你不去吗? (nǐ bú qù ma?), yaani huendi?, nawe huendi, jibu ni 对,我不去 (duì, wǒ bú qù). Kama unakwenda, ni 不,我去 (bù, wǒ qù). Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hakuna la kujifunza: ndiyo, siendi, la, nakwenda. Tunathibitisha au kukana maneno ya muulizaji, kama Wachina wafanyavyo. Anayekosea hapa ni yule ambaye masomo ya Kiingereza yamemfundisha kujibu kwa kufuata ukanushi wa jibu lake mwenyewe. Dawa ni kulitafsiri swali moja kwa moja kwa Kiswahili na kujibu kama ungemjibu ndugu yako.

Swali la aina ya 去不去? (qù bu qù?) limekwisha kuwa swali. Usiliongezee 吗 (ma), kijineno cha swali, mwishoni.

Dalili: umesema 不 vizuri katika orodha, lakini katika sentensi unasahihishwa

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ya 不 ni ya nne, inayoshuka. Ikifuatwa na neno jingine la toni ya nne, hupanda na kuwa ya pili: bú shì, bú qù, bú duì, bú yào. Mbele ya toni nyingine hubaki ilivyo: bù chī, bù lái, bù hǎo. Katikati ya kitenzi, kama katika tīng bu dǒng, hutamkwa kwa wepesi bila toni kamili. Herufi haibadiliki, na kamusi nyingi huandika bù kila mahali, ndiyo maana anayejifunza kwa kusoma tu hubaki na kosa hili kwa muda mrefu. Sikiliza na urudie jozi hizo kwa sauti kila siku, maana Kiswahili hakina toni za kututayarisha.

Dalili: unazungumza vizuri, lakini mabango ya stesheni hayakuambii kitu

Lugha ya maandishi imehifadhi vikanushi vya zamani ambavyo katika mazungumzo husikii vikisimama peke yao. 请勿吸烟 (qǐng wù xīyān) ni tafadhali usivute sigara, na 勿 ni ndugu wa zamani wa 别. 无糖 (wú táng) kwenye chupa ni bila sukari. 未成年人 (wèichéngniánrén) ni ambaye hajafikia utu uzima, na 未 inalingana na -ja- yetu ya ukanushi. 非 (fēi) hukana aina ya kitu, kama katika 非卖品 (fēimàipǐn), kitu kisichouzwa. Vitambue kwa macho, ila usivitumie mbele ya kitenzi katika mazungumzo ya kawaida.

Dalili: ukanushi upo, lakini maana si ya kukanusha

Rafiki anakuambia 我差点儿没摔倒 (wǒ chàdiǎnr méi shuāidǎo) nawe unampa pole kwa kuanguka, kumbe hakuanguka. Kwa jambo lisilotakiwa, 差点儿摔倒 na 差点儿没摔倒 zote mbili ni nusura nianguke. Kwa jambo linalotamaniwa mambo hubadilika: 差点儿考上 (chàdiǎnr kǎoshàng) ni alikaribia kufaulu mtihani ila hakufaulu, na 差点儿没考上 (chàdiǎnr méi kǎoshàng) ni nusura asifaulu, lakini alifaulu. Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu pole au hongera, jiulize kwanza kama jambo lenyewe ni la kuombewa au la kuepukwa.